Habari za Uongo na Sheria za Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara katika mikutano ya vijiji, mafunzo ya kata na madarasa ya vyuo hapa Dodoma na mikoa jirani. Yamejibiwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanasheria. Aliyekwisha kuitwa na polisi aanze na swali la 17, kisha atafute wakili, kwa kuwa maelezo haya hayashiki nafasi ya wakili. Namba za vifungu ni zile za sheria kama zilivyotungwa na Bunge. Anayetaka kuzinukuu rasmi azilinganishe kwanza na toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la mwaka 2023.

## Mambo ya msingi

1. Habari ya uongo ni nini hasa?

Watu huweka mambo matatu katika kapu moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. La kwanza ni uzushi wa makusudi: mtu anajua jambo halikutokea, lakini analitunga na kulisambaza ili apate fedha, kura, wafuasi, au amchafue mwenzake. La pili ni kosa la kutojua: mama anayepokea ujumbe kwamba chanjo fulani inaua na kuwatumia shemeji zake wote kwa nia ya kuwaokoa hana hila yoyote, ingawa anachosambaza ni uongo. La tatu ni habari ya kweli iliyowekwa mahali pasipo pake, kwa mfano picha ya mafuriko ya mwaka mmoja inayotolewa mwaka mwingine kama ya leo asubuhi.

Tofauti hizi si za darasani tu. Kama swali la 4 na la 5 yanavyoonyesha, sheria moja inauliza sana kuhusu nia yako, na nyingine inauliza kama ulihakiki.

2. Je, uvumi wa mdomo nao umo, au jambo hili ni la mitandao peke yake?

Umo, na kwa mkoa wetu mfano mchungu kuliko yote haukuhitaji bando. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulisema ni mumiani, wanyonya damu, na ulipopigiwa yowe hapakuwa na nafasi ya mtu kuuliza barua yao ya utambulisho imetoka wapi.

Hadithi za mumiani ni za zamani kuliko simu; zilikuwapo Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Zinachipuka pale ambapo mgeni ana vifaa ambavyo wenyeji hawavielewi, anachukua kitu (damu, udongo, vipimo, picha), na hakuna mtu wanayemwamini aliyewaeleza mapema anachukua kwa ajili gani. Ndiyo maana utaratibu wa kawaida wa mtafiti kupita kwa mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji una maana kubwa kuliko mhuri, mradi barua isiishie kwenye faili. Tangazo la dakika mbili kwenye mkutano wa kijiji, kwamba wiki ijayo watakuja watu wenye gari la aina fulani kuchimba udongo, lina kinga ambayo kifungu chochote cha adhabu hakiwezi kuitoa baada ya yowe kupigwa.

Kisheria, uvumi wa mdomo hauingii katika Sheria ya Makosa ya Mtandao, kwa kuwa sheria hiyo inahusu taarifa zilizochapishwa kupitia mfumo wa kompyuta. Aliyeshiriki kuua hushtakiwa kwa mauaji, na kusema kwamba alisikia kwa watu hakumwokoi.

3. Ni sheria zipi zinazohusika?

Hakuna sheria moja inayoitwa sheria ya habari za uongo. Zinazotumika zaidi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Pembeni yake ziko Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na Kanuni ya Adhabu, ambayo miongoni mwa mengine inamkataza mtu kumpa mtumishi wa umma taarifa anayojua ni ya uongo.

Juu ya zote iko Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa maoni na kueleza fikra zake, na pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 30 nayo inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Karibu kila mzozo unaozungumzwa hapa chini ni mvutano kati ya ibara hizo mbili.

## Sheria zinasema nini

4. Kifungu cha 16 kinachotajwa kila siku kinasema nini?

Ni kifungu cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo Bunge liliipitisha hapa Dodoma Aprili 2015 na ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kinamhusu mtu yeyote anayechapisha katika mfumo wa kompyuta taarifa iliyo katika picha, maandishi, alama au namna nyingine, huku akijua kuwa ni ya uongo, ya kudanganya, ya kupotosha au si sahihi, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, kudanganya au kupotosha umma, au kushawishi watu watende kosa. Simu yako ya mkononi ni mfumo wa kompyuta kwa maana ya sheria hiyo.

Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wengi huisoma adhabu hii kinyume, wakidhani kuwa milioni tano ndiyo dari. Ni sakafu. Kijana aliyeandika mistari miwili kuhusu diwani wake anaanzia kwenye kiwango kile kile anachoanzia aliyepanga kuleta taharuki nchi nzima, na kwa maoni yetu hapo ndipo kifungu kinapokosa kipimo.

Hata hivyo kifungu kina kinga ndani yake ambayo washtakiwa wengi hawaijui. Upande wa mashtaka hautoshelezi kesi yake kwa kuonyesha kuwa ulichoandika hakikuwa kweli. Unapaswa kuthibitisha kuwa ulijua hivyo, na kwamba ulikuwa na nia mojawapo kati ya zilizotajwa.

5. Sheria ya Huduma za Habari inatofautianaje na hiyo?

Kifungu cha 54 cha sheria hiyo kinamhusu anayechapisha maelezo, uvumi au taarifa ya uongo inayoweza kuleta hofu na taharuki kwa umma au kuvuruga amani. Kifungu kinatazama matokeo yanayoweza kutokea, wala hakitaji kuwa ulijua. Mzigo nao unahama: ni utetezi mzuri ukithibitisha wewe mwenyewe kwamba kabla ya kuchapisha ulichukua hatua za kuhakiki usahihi. Kwa hiyo mwandishi anayetunza kumbukumbu za nani alimpigia, saa ngapi, na alijibiwa nini, anatunza utetezi wake.

Kama ilivyotungwa mwaka 2016, adhabu ilikuwa faini kati ya milioni 10 na milioni 20, au kifungo cha miaka minne hadi sita, au vyote viwili. Mwaka 2023 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, likaondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai na kupunguza baadhi ya adhabu, kwa hiyo usisome nakala ya 2016 peke yake.

6. TCRA inaingia wapi?

Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayotoa leseni kwa vyombo vya utangazaji na watoa maudhui mtandaoni, na inaweza kutoza faini au kusimamisha leseni bila kumpeleka mtu mahakamani. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022, zina jedwali la maudhui yaliyokatazwa, na taarifa za uongo na za kupotosha zimo. Anayekiuka kanuni na kufikishwa mahakamani anakabiliwa na faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12.

Mfano unaofundisha ni wa Aprili 2020. Gazeti la Mwananchi liliweka mtandaoni picha ya Rais Magufuli akinunua samaki, watu wamemzunguka kwa karibu. Picha yenyewe haikuwa ya kughushi. Ilikuwa ya zamani, ikatoka wakati wananchi wakiambiwa wakae mbalimbali kwa sababu ya korona. TCRA ilitoza faini ya milioni tano na kusimamisha leseni ya mtandaoni kwa miezi sita. Tunakubali kuwa picha bila tarehe inapotosha. Lakini kosa ambalo lingeweza kurekebishwa kwa maneno mawili chini ya picha liliwanyima wasomaji chombo kizima kwa nusu mwaka, tena katika kipindi ambacho taarifa za ugonjwa zilikuwa zikitafutwa kuliko mkate.

7. Nimefanya utafiti wangu na takwimu zangu hazilingani na za Serikali. Naweza kuzitoa?

Kwa sasa ndiyo, ukieleza ulivyozipata. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyomlazimu mtafiti kupata idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kabla ya kuchapisha, na ikawa kosa kutoa takwimu zenye lengo la kutilia shaka zile rasmi. Benki ya Dunia ilionyesha wasiwasi wake hadharani, na Juni 2019 Bunge likaondoa adhabu hizo. Bado huwezi kuziita takwimu zako kuwa ni takwimu rasmi. Idadi ya watu 61,741,120 ya Sensa ya 2022 ni rasmi. Hesabu ya kaya ulizotembelea Bahi ni yako, na iandike hivyo.

## Mimi na simu yangu

8. Sikutunga mimi, nilifowadi tu. Je, nina kosa?

Unaweza kuwa nalo. Kifungu cha 16 hakimtofautishi aliyetunga na aliyepitisha, kinazungumzia kuchapisha. Kinachoweza kukutofautisha ni ujuzi na nia, kama ilivyoelezwa katika swali la 4. Aliyefowadi ujumbe akiuamini yuko mbali na kosa kuliko aliyefowadi baada ya kuambiwa na wenzake watatu kwenye kundi kuwa ujumbe huo ni wa uongo, kwa sababu majibu ya wale watatu yatasomwa mahakamani kama ushahidi wa kile alichokijua.

9. Nikiweka maneno "kama nilivyoupokea" juu yake, au nikiufuta baadaye, ninasalimika?

Maneno hayo hayana uzito yanayodhaniwa kuwa nao. Yanaonyesha kuwa hukutunga, lakini pia yanaweza kusomwa kama kukiri kuwa ulikuwa na shaka na bado ukapitisha. Kufuta mapema kunapunguza madhara na kunaweza kusaidia kuonyesha kuwa hukuwa na nia mbaya, hasa ukifuta na kuweka masahihisho pale pale ulipoweka uongo. Hakufuti kosa lililokwisha kutendeka, na mara nyingi picha ya skrini imekwisha kupigwa. Baada ya kuitwa na polisi, usifute kitu. Hapo unaweza kuonekana unaharibu ushahidi.

10. Admini wa kundi la WhatsApp anawajibika kwa ujumbe wa wanakikundi?

Sheria ya Makosa ya Mtandao haimtaji admini. Hata hivyo admini akishiriki kwa kujua, kwa mfano akiubandika ujumbe juu ya kundi au akiwahimiza watu wausambaze, anaingia kwa matendo yake mwenyewe. Makundi ya vikoba, ya wazazi wa shule na ya mitaa yafanye jambo dogo: kanuni za kundi ziseme wazi kuwa habari isiyo na chanzo itaondolewa, na admini aiondoe kweli.

11. Nikilalamikia barabara au huduma ya zahanati, au nikitania, nitaambiwa nimeeneza uongo?

Maoni si taarifa. Ukisema barabara ya mtaa wako wa Nkuhungu ni aibu, hakuna wa kukuthibitishia kuwa ni uongo, kwa kuwa umetoa hukumu yako. Ukisema mkandarasi amelipwa fedha zote na kutoroka, umedai jambo linaloweza kupimwa, na lazima uwe na cha kulishikia. Kwa hiyo sema ulichokiona: "Leo Jumatatu saa mbili asubuhi dirisha la dawa lilikuwa limefungwa, nimeambiwa dawa hakuna." Sentensi hiyo ina siku, saa na chanzo, na ni vigumu kuigeuza kuwa uzushi. "Zahanati yetu haina dawa, hela zimeliwa" ina madai mawili, na la pili pengine hulijui.

Utani ni jambo gumu zaidi. Mtani wako msibani anajulikana kuwa mtani kwa sura na kwa ukoo. Katuni au tangazo la mzaha likitoka kwenye ukurasa wako na kufika kwa mgeni, utani haufiki nalo. Tangazo la mzaha lisiige nembo ya Serikali wala mpangilio wa barua rasmi.

12. Vipi kuhusu video za akili mnemba?

Kifungu cha 16 kinataja picha na namna nyingine yoyote, kwa hiyo sauti au video ya kiongozi iliyotengenezwa kwa akili mnemba imo ndani yake, na kughushi kupitia kompyuta kuna kifungu chake katika sheria hiyo hiyo. Kutazama mdomo na vidole kulikuwa kunasaidia, lakini msaada huo unapungua kila mwezi. Ni salama zaidi kuuliza video imetoka akaunti ipi kwanza, na kama tukio lenyewe limeripotiwa na chombo kingine chochote. Hotuba nzito ya waziri ambayo imeonwa na shemeji yako peke yake haikutolewa.

## Kuhakiki na kutafuta ukweli

13. Nitajuaje kuwa tangazo nililopokea ni la kweli?

Tuchukue lile linalosumbua zaidi mji huu wa ofisi: tangazo la ajira. Linakuja kwenye WhatsApp likiwa picha, juu lina nembo ya Bibi na Bwana, chini lina sahihi iliyofifia. Nafasi ni nyingi mno, elimu inayotakiwa ni ya kuanzia darasa la saba, na mwisho wa kutuma maombi ni kesho. Kisha ipo namba ya simu ya kawaida ya kutumia "ada ya fomu".

Anza na fedha. Ajira za utumishi wa umma zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira huombwa bure kupitia mfumo wake wa mtandaoni, kwa hiyo ada pekee inatosha kulikataa tangazo. Tazama anwani: ofisi za Serikali hutumia tovuti zenye mwisho wa go.tz, na tapeli huweka neno "ajira" mbele ya mwisho mwingine wowote ili jicho la haraka litosheke. Usibonyeze kiungo kilicho kwenye ujumbe. Andika mwenyewe anwani ya taasisi na utafute tangazo lenyewe humo. Ukiwa Dodoma una bahati ambayo mtu wa Manyoni au Kondoa hana, kwani unaweza kufika mapokezi ya taasisi husika na kuuliza kwa nauli ya daladala.

Kwa picha na video za matukio, tumia utafutaji wa picha kwa kurudi nyuma ulioko kwenye Google, uone kama iliwahi kutoka miaka iliyopita. Kwa madai mazito tazama pia wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili: Nukta Fakti, JamiiCheck na PesaCheck.

14. Niripoti wapi?

Inategemea ni uongo wa aina gani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na ndugu zake wote ripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuweka namba ya tapeli. Piga *106# uangalie kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu uongo ukitumwa kwa laini yenye jina lako, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Uchochezi wa vurugu peleka kituo cha polisi cha karibu, ukiwa na picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Uvumi wa kijijini mpelekee mtendaji siku hiyo hiyo, usisubiri kikao.

15. Naweza kuilazimisha ofisi ya umma initoe gizani?

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika ombi kwa maandishi, taja taarifa unayoitaka kwa usahihi, acha anwani, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Siku 30 ni nyingi mno mbele ya uvumi unaozunguka mkoa mzima kabla ya magharibi. Sheria hii inamsaidia anayefuatilia bajeti ya kata. Haiwezi kuzima taharuki, na kazi hiyo inabaki kwa ofisa habari anayepokea simu.

## Hali ngumu

16. Itakuwaje kama uvumi baadaye ukathibitika?

Machi 2021 swali hili liliulizwa nchi nzima. Rais Magufuli hakuwa ameonekana hadharani tangu mwisho wa Februari, watu wakaanza kuandika kuwa anaumwa, polisi wakawakamata baadhi yao kwa kueneza uvumi, na tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akalitangazia taifa kifo chake.

Kisheria, taarifa iliyo kweli haiwezi kuwa kosa la taarifa za uongo, kwa kuwa nguzo ya kwanza ya kosa haipo. Lakini ukweli hupimwa kwa maneno yaliyotumika na siku yalipoandikwa: aliyeandika "anaumwa" na aliyeandika "amefariki" wiki moja kabla hawako katika nafasi moja. Nasi tunaona kwamba kipindi kile kilionyesha vizuri namna ukimya wa ofisi unavyozaa uvumi. Haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu iko katika ibara ile ile ya 18 yenye uhuru wa maoni, ila haina kifungu cha adhabu nyuma yake.

17. Polisi wameniita au wamenikamata kwa nilichoandika. Nifanye nini?

Nenda, na usiende peke yako. Mjulishe ndugu na wakili kabla ya kuingia, kwani una haki ya kuwasiliana nao. Kwa utaratibu wa kawaida wa makosa ya jinai, mahojiano ya msingi hayapaswi kuzidi saa nne bila kuongezwa rasmi, na aliyekamatwa bila hati anapaswa kuachiwa kwa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Una haki ya kukaa kimya mpaka wakili afike, na ya kusomewa maelezo yako kabla ya kuyatia sahihi. Kama maelezo yana neno ambalo hukulisema, omba lisahihishwe. Usitie sahihi kwa sababu ofisa ana haraka.

Simu yako inaweza kuchukuliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao inamruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya upekuzi na ukamataji wa kifaa, bila kwanza kupita mahakamani. Dai hati ya mali iliyochukuliwa, yenye aina ya simu na namba yake ya utambulisho, uitunze.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili.

18. Ni mimi niliyezushiwa. Nina njia gani?

Kashfa si kosa la jinai tena chini ya Sheria ya Huduma za Habari, lakini bado ni shauri la madai, na muda wa kulifungua ni miaka mitatu. Anza kwa kudai masahihisho kwa maandishi. Mengi huishia hapo. Kama uzushi ni wa mtandaoni na una nia ya kukutisha au kukusumbua, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kuhusu unyanyasaji kwa njia ya mtandao kinaweza kukufaa, na "kukashifu" bado imo katika kifungu cha 16. Kama zimetumika taarifa zako binafsi, iko pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022.

19. Na taarifa isiyo sahihi ikitoka ofisi ya umma?

Kifungu cha 16 kinasema "mtu yeyote", na ofisa ni mtu. Kwa vitendo, aghalabu wanaofikishwa mahakamani si maofisa. Tena sheria hizi zinaadhibu kusema, haziadhibu kunyamaza. Hadi mapema Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 na vifo 21 vya korona, kisha takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka; aliyetaka kujua hali ya hospitali ya mkoa wake aliachwa na WhatsApp. Mwananchi anaweza kuomba masahihisho kwa maandishi, kutumia njia ya swali la 15, au kumpelekea mbunge wake jambo hilo liulizwe bungeni.

20. Sheria hizi zimewahi kupingwa mahakamani?

Ndiyo. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, kikiwamo cha 54, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na ikaielekeza Serikali iirekebishe. Marekebisho yaliyotajwa katika swali la 5 yalikuja miaka minne baadaye. Uganda walikwenda mbali zaidi: Mahakama ya Juu ilifuta kosa la habari za uongo katika Kanuni ya Adhabu mwaka 2004, katika kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta.

21. Je, sheria inanihusu nikiwa Zanzibar au nje ya nchi?

Sheria ya Makosa ya Mtandao inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu chake cha 50. Sheria ya Huduma za Habari ni ya Bara peke yake. Mtanzania anayeishi nje anaweza kushtakiwa hapa kwa kosa la mtandao ikiwa tendo hilo ni kosa pia katika nchi anayoishi. Ujumbe ulioandikwa Muscat na kufowadiwa Mpwapwa una watu wawili wa kuulizwa, na aliye karibu na kituo cha polisi ni yule wa Mpwapwa.